Nilitoa Moteri ya Bwato Letu, Nikaleta Motokari ya Moshi

Niko na miaka thelathini na sita, ni baba wa watoto watatu, na ninaishi hapa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru. Wasomaji wenzangu, ninaandika na hasira. Musinihurumie haraka... Soma kwanza, halafu utaona kama mutu wa namna yangu anastahili huruma!

Wazazi wetu walivuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita, mimi nikiwa mutoto. Walipokufa tulibaki wawili tu, mimi na mudogo wangu Kalenga. Tulifanyia watu kazi ngumu miaka mingi, mupaka tukapata bwato letu na moteri yake, ile ya kufunga nyuma na kuvuta kamba. Ilikuwa ya sisi wawili. Kalenga alivua huko kisiwani Chisenga, mimi huku nikauzisha samaki na kutengeneza moteri za wengine. Bila moteri, samaki wa Chisenga wanafika sokoni wameshaharibika. Moteri ile ndiyo ilikuwa shamba letu, duka letu, kila kitu!

Kila mwaka serikali inafunga ziwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazae. Mabwato yanalala kwenye muchanga, na sisi tunakaa. Mwaka huu, ziwa lilipofungwa, Kalenga alienda Puta kwa wakwe zake kushona nyavu. Moteri aliiacha nyumbani kwangu. Akaniambia mimi yaya yake, mukubwa wake, "Yaya, unichungie. Ziwa ikifunguliwa, siku ya kwanza niko ndani ya maji." Nikamujibu asiwe na wasiwasi wowote. Ee, mimi!

Mutu asiye na kazi anafanya nini? Anaangalia telefone. Nilianza kuona video za vijana wa nchi za mbali. Wananunua motokari za mbio zilizozeeka, za viti viwili, wanazifungua uani, wanapiga rangi, mwishoni zinangara! Hiyo wanaiita proje. Nikajiuliza, hawa wananishinda nini, mimi ninayefungua moteri ya bwato hata gizani? Nikaanza kuota: nitaikodisha kwa maharusi! Kila bibi harusi wa Nchelenge atataka kuingia kanisani na motokari yangu!

Bibi yangu Mwansa, mama wa watoto wangu, ni Mubemba wa hapa hapa. Aliponisikia alicheka mupaka akakaa chini, akaniita kwa Kibemba baba wa mutoto wetu Ruthi: "Awe, hapana, Bashi Ruthi! Motokari ya watu wawili, na sisi tuko watano. Wengine tutakaa wapi, juu ya kapo, kwenye kifuniko cha moteri?" Nilikasirika sana. Nikamwambia hajui maendeleo.

Ndipo akaja Dieudo. Huyu ndiye anayetuongozea kwaya kanisani, Mukongomani mwenzangu, kijana wa maneno matamu. Alikuwa na motokari nyekundu ya Kijapani, milango miwili, imeinama chini kabisa, na taa za mbele zinazojiinua ukiziwasha. Alisema ni proje nzuri, hataki feza, anataka moteri ya bwato tu. Tubadilishane, kindugu.

Kindugu!

Nilienda kuikagua asubuhi. Nilikuta imeshawashwa, inanguruma, kapo ya moto. Hapa ziwani, mutu anayeuzisha moteri anaiwasha kabla munuzi hajafika. Ndiyo adabu yetu. Kumusimamisha mugeni akuangalie unavuta kamba, unavuta, unatoka jasho, ni haya kubwa. Kwa hiyo nilifurahi, nikaona Dieudo ananiheshimu! Sikujua kwamba motokari yenye ugonjwa inawashwa mapema ili mujinga asione vile inaamuka kwa shida.

Nikagonga mabati na vidole, vile tunagonga bwato kusikia kama mbao imeoza. Nikalala chini kuangalia tumbo lake. Lilikuwa limepakwa lami mupya, nyeusi tii. Nikashukuru Mungu! Kwetu bwato lenye lami mupya chini ni la mutu anayependa mali yake. Kumbe lami ile ilikuwa imefunika kutu, kutu ya kupitisha kidole!

Na moshi... Wasomaji, moshi ndio unaniuma kuliko yote. Nyuma kulikuwa kunatoka moshi wa buluu. Sasa, moteri zetu za bwato tunazipa esanse, petroli, iliyochanganywa na mafuta, na zote zinatoa moshi ule ule. Usipotoka ndipo tunaogopa! Nikamupiga Dieudo begani, nikasema kwa mudomo wangu mwenyewe, "Ona hii moshi, iko muzuri sana! Moteri inakunywa mafuta vizuri." Dieudo aliniangalia kidogo. Halafu akasema, "Ndiyo, yaya. Weye ndiye unajua moteri."

Alijua! Kwa motokari moshi wa buluu ni ugonjwa, ni moteri inayounguza mafuta yake! Angesema neno moja tu! Kila Jumapili tunaimba pamoja, tunashikana mikono, na alishindwa kuniambia neno moja?

Radiateri, ile tanki ya maji ya kupoza moteri, sikuifungua hata. Moteri ya bwato inajipoza na maji ya ziwa, na ziwa haliishi. Ningewaza maji kwa sababu gani? Tuliendesha kidogo kwenye barabara ya lami mupaka Kashikishi na kurudi, redio inapiga, watu wanapunga mikono. Nilijiona mutu mukubwa. Siku ile ile nilibeba moteri yetu kwenye bega langu, nikamupelekea. Mwansa aliniangalia nikipita nayo uani, akaendelea kuosha vyombo.

Harusi ya kwanza ndiyo ilikuwa ya mwisho. Bibi harusi alikaa kando yangu, nguo nyeupe imejaa ndani mupaka sioni gia. Tulishika barabara ya Chienge. Hatujafika mbali, mvuke ukafunika kioo chote! Nikaruka, nikafungua kapo, nikafungua radiateri kama mupumbavu, maji ya moto yakanirukia. Alama iko mukononi mupaka leo. Mama wa bibi harusi, aliyekuwa anatufuata nyuma, alishuka akapiga kelele, "Hii ni motokari ama ni jiko?" Mutoto wa watu alifika kanisani juu ya pickup, amekaa katikati ya magunia ya mihogo, nguo imejaa matope. Watu walianza kuniita Fundi Jiko.

Nikasema sawa, nitaitengeneza. Si ni proje? Nikatoa mafuta ya moteri, yakatoka meupe kama chai ya maziwa, maana maji yalikuwa yameshaingia ndani. Nikafungua hiki, nikafungua kile. Bolti moja ikakatika ndani. Nikashika nyingine, nayo ikakatika! Kwenye video kijana anasema sasa toa kichwa cha moteri, na kichwa kinatoka vizuri kama kifuniko cha sufuria. Changu kilikataa. Nilikipiga na nyundo, kikapasuka. Nilitafuta kingine Mansa, nikatuma watu mupaka Lubumbashi, kila mahali jibu ni moja: ya motokari ile haiko. Kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Nikiwafukuza, wanarudi.

Nilienda kwa Dieudo kumuomba anirudishie moteri. Alinijibu bila haya, "Yaya, ile iko Kilwa, ngambo kule Kongo, watu banaisha kuinunua. Na nilikuambia iko proje. Weye mwenyewe ulisifu moshi!" Nilitaka kumushika shati... Lakini nikashusha mukono. Maneno yalikuwa yangu. Wazee wa kanisa walituita, wakatuombea, wakasema tusameheane. Jumapili iliyofuata Dieudo alisimama mbele na kuongoza kwaya kama kawaida. Mimi nilifunga mudomo tangu wimbo wa kwanza mupaka wa mwisho.

Wakati wote huo sikumwambia Kalenga kitu. Akipiga simu, nilimuuliza habari za nyavu.

Siku moja kabla ya ziwa kufunguliwa, alifika kutoka Puta na nyavu mupya, anaimba. Alimurusha Ruthi juu, akamusalimia Mwansa, akaingia moja kwa moja kwenye chumba tulichowekea moteri. Alitoka pole pole. Akaniuliza, "Yaya, moteri uliipeleka kutengeneza?"

Jamani! Hata uongo alinitafutia yeye mwenyewe! Nilitamani kusema ndiyo. Nilishindwa, nikamuonyesha motokari na kidole. Aliizunguka, akaangalia kuku, akaangalia vyuma nilivyotawanya kwenye muchanga. Nilingoja anitukane. Nilingoja anipige, kweli ningekubali! Alisema tu, "Haukuniuliza." Akabeba nyavu zake.

Asubuhi moteri za watu zilinguruma ziwa zima. Mudogo wangu alipiga kasia peke yake, wote wanamupita. Alihangaika hivyo kwa muda, mukono ukamuvimba, samaki wakamuharibikia. Mwishoni alivuta bwato letu kwenye muchanga, akaenda kuomba kazi kwenye bwato la mutu mwingine. Mwenye bwato amekuwa mubebaji wa nyavu za watu... juu ya makosa yangu mimi!

Mwezi uliopita nilisikia sauti yake uani. Wasomaji, nilitoka mbio! Nilimwambia Mwansa aweke maji ya bukari, ugali wetu, kwenye moto, nikatafuta kiti kizuri. Kalenga alikataa kukaa. Alisalimia vizuri, na heshima, akasimama kando ya motokari.

Akasema, "Nilisikia batri ya hii motokari ingali muzima. Natafuta ya taa za kuvulia usiku. Utaniuzisha bei gani?"

Nilimwambia, Kalenga, chukua, ni yako! Chukua batri, chukua taa, chukua yote! Akatikisa kichwa. "Hapana. Sema bei."

Damu yangu ananiuliza bei, kama watu wasiojuana! Nikamusukumia kile kiti. Aliponiona sitaji bei, alienda kumuuliza Mwansa. Mwansa akalia, akataja bei ndogo tu. Kalenga alilipa, akatoa batri, akaiweka kwenye begi na kuondoka bukari haijaiva.

Wewe unayeota motokari ya mbio ya kutengeneza uani, sikukatazi. Lakini inunue na jasho lako peke yako. Ifikie ingali baridi, na uone wewe mwenyewe inawashwa. Fungua maji, fungua mafuta, kwaruza lami. Peleka mutu anayejua motokari. Usijidanganye na ujuzi wa kazi nyingine kama mimi!

Na kama ndugu yako alikuachia kitu ukichunge, kichunge. Ukitaka kukigusa, piga simu kwanza, muulize! Mimi natuma salamu Chisenga na kila mutu anayevuka. Wakirudi, wanasema zilifika, na Kalenga ni muzima. Nikiwauliza amesema nini, wanaangalia pembeni, wanaongea bei ya samaki.