Abiria wa Mzee Sabiri

Shokapu za nyuma zilishuka zenyewe.

Ilikuwa mchana wa jua la utosi, Pongwe nzima imekimbilia vivuli, na Hosea fundi pikipiki alikuwa peke yake gereji akipiga msasa tangi. Alisikia ule mlio mdogo wa springi, unaosikika abiria anapopanda nyuma ya dereva. Akageuka. Pikipiki ilikuwa juu ya stendi yake na hapakuwa na mtu. Wala haikuwa na siti ya nyuma, maana aliing'oa mwenyewe juzi.

"Springi zimechoka," akajisemea, akarudia msasa wake. Fundi akikosa jibu husingizia springi.

Pikipiki yenyewe haikuwa yake, na hapo ndipo aibu yote ilipoanzia. Ilikuwa ya Mzee Sabiri wa Tongoni, bwana mifugo mstaafu. Pikipiki kubwa ya zamani, ya safari ndefu, yenye kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni, na siti ya nyuma pana kama kochi. Miaka yote mzee aliitembeza kutoka Tongoni hadi mpakani, na hakuna aliyewahi kumwona kapakia mtu. Ukimwomba lifti alijibu, "Pana mtu." Kila Ijumaa aliifuta siti ile kwa kitambaa chenye marashi ya waridi. Vijana wa kijiweni walimcheka mpaka wakachoka, na mcheshi wao mkuu alikuwa Hosea. Alikuwa akibana midomo kama mzee na kusema, "Pana mtu!" Watu hoi.

Lakini ikija kwenye kazi, mzee hakumwamini fundi mwingine. Hosea alikuwa na jina. Kwaya ya Walutheri aliiimbia besi, na watu walisema ukimwachia huyu kitu chako utakikuta. Mzee alimwachia pikipiki atengeneze kabureta, akamwambia, "Siti ya nyuma usiikalie, baba, wala usimkalishe mtu. Ni amana." Hosea akaapa. Wiki ile ile mzee akapigwa na kiharusi, bintiye Nasra akamchukua kwake Moa, na habari zilizorudi zikawa kwamba hata mwezi hamalizi.

Basi Ibilisi hakuhitaji kusukuma sana. Hosea alikuwa na siku nyingi akitamani pikipiki kama zile za vijana wa mjini wanaosindikiza maharusi, fupi nyuma, haina nguo, ya mtu mmoja. Akavua kioo. Akavua masanduku. Akakata fremu nyuma ya dereva. Siti aliichoma uani kwa gereji pamoja na matairi mabovu. Moshi wa raba kila mtu anajua unavyonuka, lakini ule ulinukia waridi. Hosea alisimama akiunusa, akaona haya kama mtu aliyefumaniwa, kisha akatupia tairi jingine juu.

Sasa mchana ule, springi zikiwa bado zimelala, mkewe Loveness aliingia na hotipoti ya chakula. Loveness ni binti wa Kishambaa kutoka Lushoto, mwanamke wa kupanda pikipiki mguu huku mguu huku na kumwambia dereva aongeze mwendo. Aliweka hotipoti chini, akakaa juu ya pipa la oili chafu. Alikaa upande. Magoti pamoja, miguu yote kushoto, mkono wa kulia kaunyoosha mbele, vidole vimekunjwa kama vimeshika kiuno cha mtu.

"We Love, una nini?"

Akamtazama kama hamjui. "Mwenyewe yu wapi?" akauliza, kwa lafudhi ya mabibi wa Mtang'ata, kule Tongoni, sauti kavu ya mtu aliyekula vumbi la njiani. "Mbona hatuondoki?"

Tangu hapo hakukaa tena kama binadamu wengine. Jikoni alikaa upande kwenye kigoda, kanisani alikaa upande kwenye benchi mpaka wazee wa kanisa wakamgeukia, na kitandani alikaa upande hadi asubuhi, mkono mbele, akiyumba kidogo kila baada ya muda kama anayepitishwa kwenye kona ambazo Hosea hakuziona, huku chumba kizima kikinukia waridi juu ya harufu ya petroli iliyokuwa mikononi mwa Hosea na ambayo sabuni haikuweza tena kuitoa. Kina mama wa maombi walikuja, wakaimba, wakaomba. Mmoja akanong'ona, "Ndugu Hosea, kuna jambo tunalopaswa kulijua?"

"Hakuna," akasema Hosea, macho sakafuni.

Mwishowe alikwenda Tongoni kwa mganga, Bi Mwamvua, kofia kaishusha hadi puani asije akaonwa na mwanakwaya. Bi Mwamvua hakufukiza hata ubani.

"Huyu hafukuzwi," alisema. "Huyu ni abiria, kavunjiwa kiti chake njiani. Mpeleke mkeo kwa aliyempakia. Ukafike, useme ulilotenda kwa kinywa chako mwenyewe. Ukidanganya, leo au siku nyingine, atasema yeye kwa kinywa cha mkeo."

Njia nzima ya kwenda Moa Hosea aliyapanga maneno. Wakamkuta Mzee Sabiri barazani, kaketishwa juu ya kitanda cha kamba, Nasra akimnywesha uji. Upande mmoja wa uso umekufa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

Loveness hakusalimia. Alipita moja kwa moja, akakaa kitandani nyuma ya mzee, upande, akamshika kiuno. Mzee akafumba macho. "Umechoka, mwenzangu," akasema polepole. Kisha akamgeukia fundi. "Pikipiki i hali gani?"

"Baba kila siku anakusifu," Nasra akadakia kwa tabasamu. "Anasema mtoto wa watu hana tamaa."

Hapo maneno yote aliyoyapanga yakamkauka Hosea. "Ipo, mzee," akasema. "Kama ulivyoiacha. Nimeisafisha tu."

Loveness akafunua kinywa, na sauti iliyotoka ikafika hadi kisimani ambako wanawake waliacha ndoo zao na kusogea, ikasema jinsi Hosea alivyokivua kioo na kuyavua masanduku, alivyoipitishia fremu mashine ya kukatia chuma huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani, alivyoitia moto siti, na jinsi aliponusa waridi akajua, akajua kabisa, na bado akaongeza tairi, kisha sauti ile ikageuka, ikawa sauti ya Hosea mwenyewe, ya kijiweni, ya kejeli, ikasema, "Pana mtu! Pana mtu!" na kucheka.

Hakuna aliyecheka naye. Hosea alitamani ardhi ipasuke.

Mzee hakumlaani. Chozi lilimtoka jicho moja, lile zima. "Ungeniomba, baba," akasema. "Nilikwisha mwambia Nasra, nikifa, akupe wewe."

Kisha akasema bila kugeuka, "Shuka, mwenzangu. Huyu ni mke wa watu."

"Nishukie wapi?"

Mzee akautazama mguu wake uliokufa. "Kwangu safari zimekwisha."

Watu wote wakamtazama Hosea.

"Apande kwangu," Hosea akasema, kwa sauti ndogo hata Nasra akamwambia arudie. Akarudia. Loveness akaanguka kando kama aliyepitiwa na usingizi, na mkono wa baridi ukampitia Hosea kiunoni, ukatulia.

"Mkeo mwambie wewe," mzee alimnong'oneza. "Sisi hatutamwambia. Aibu hii ni yako."

Mzee akafa, na Nasra, kwa kuheshimu wosia, akamwachia pikipiki. Hosea akaichomelea fremu upya, akashonesha siti pana, na kila Ijumaa akaipangusa kwa marashi ya waridi, fundi mzima, mwanakwaya mzima, watu wakimwangalia. Kijiweni akapatikana kijana mwingine wa kumwigiza. Kabla ya kuondoka Hosea alisubiri springi zishuke, ndipo atie gea. Loveness hakukumbuka lolote la Moa, na Hosea hakumwambia leo wala kesho. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumapili moja, Hosea akiwa keshapanda pikipiki, mkewe akaja akasimama kando, kitenge cha kanisani kimepigwa pasi. Springi zilikuwa zimekwisha shuka.

"Huwa hunipakii," Loveness akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Hosea zaidi. "Kila siku una sababu. Na nikifua mashati yako yananukia marashi ya kike. Mgongoni. Mgongoni tu. Niambie, mume wangu, sitapiga kelele. Nani unampakia?"

Ukweli ulimfika Hosea ulimini. Akauona uso wa mkewe ulivyomwamini, akaona haya, akaumeza.

"Hakuna mtu," akasema.

Nyuma yake, taratibu, shokapu zikapanda. Mkono ukamtoka kiunoni. Loveness alimtazama kidogo, kisha akajivuta hadi kizingitini, akakaa upande, magoti pamoja, miguu yote kushoto, na akaunyoosha mkono wa kulia.