Springi za Joash

Gari liliinuliwa inchi mbili siku ya Jumatatu, na kufikia Jumanne asubuhi kona ya nyuma, kushoto, ilikuwa imezirudisha zote mbili.

Gedion Khisa alipiga magoti nje ya nyumba yake, mtaa wa Section 58, akapima mara tatu, kama mtu anayeshuku kwamba kosa ni la futi. Prado ilikuwa imelalia kona hiyo moja, vile gari hulala likibeba mtu mnene. Ndani hamkuwa na mtu.

Alikuwa ameomba kazi ya kupeleka mafundi kwenye visima vya mvuke vya Olkaria. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja, na ukurasa wa tisa ulitaka gari liwe juu kuliko alivyoliunda Mjapani. Springi na shoko mpya zilikuwa bandarini, zikingoja muhuri wa afisa aliyekwenda semina. Wangerudi pamoja, afisa na muhuri wake, baada ya wiki tatu. Ukaguzi ulikuwa Ijumaa. Ndipo Oduor, fundi wake, akamtolea seti nyingine, iliyotumika lakini ngumu, kutoka gari lililobingirika mteremko wa Maai Mahiu.

"Lilikuwa la nani?" Khisa aliuliza.

"La mtu asiye na haja nalo tena. Boss, springi haiulizwi baba yake. Unataka ama hutaki?"

Akazitaka.

Jumanne hiyo Oduor alihamisha springi ya kulia akaiweka kushoto, na ya kushoto kulia. Kona ileile ikashuka, polepole, huku shoko ikitoa pumzi ndefu kama mtu anayeketi baada ya kutembea sana. Oduor alifuta mikono, kidole kwa kidole.

"Nilifanya kazi Mombasa," alisema kwa sauti ya chini. "Kule wangekuambia ni jini."

"Majini ni ya Mombasa. Huku hayana leseni." Khisa alicheka. Alicheka peke yake.

Jumatano alimchukua binti yake Shantel, wa miaka sita, kutoka shuleni. Gari lilinuka udongo mbichi na breki zilizoungua. Walipofika nyumbani mtoto hakushuka.

"Daddy, mbona uncle hafungi mkanda?"

"Uncle gani?"

"Huyu. Amesema ule wa kwake ulimkata."

Alhamisi mke wake, Mercyline, alimwita chumbani akimnong'oneza. Kifuani pa mtoto palikuwa na alama ya zambarau, pana kama mkanda wa gari, imepinda kuelekea begani. Zahanati waliandika "mzio", wakapiga muhuri, wakamrudisha. Kufikia jioni mtoto alikuwa amelala macho nusu wazi, haamki.

"Baba Shantel, inapanda," Mercyline alisema. "Asubuhi ilikuwa kwa bega. Angalia saa hii."

Ilikuwa imefika shingoni.

Khisa alimfuata Oduor nyumbani kwake akamshika ukosi wa shati, na Oduor, kwa aibu, akampa nambari ya simu ya mama wa aliyefia gari lile. Ijumaa alfajiri, siku ya ukaguzi, mama mmoja mwembamba kwa jina Nabalayo alisimama kando ya Prado, mkono juu ya bodi, akilia bila sauti. Alikuwa amepanda gari la kwanza kutoka Longonot, alikozaliwa na wazazi waliofanya kazi ya reli.

"Joash wangu alifia juu ya springi hizi, kiti cha nyuma, kushoto," alisema. "Kwetu mtu akifia barabarani, tunaenda kumwita mahali alipofia, tunamrudisha nyumbani. Tulienda. Gari lilikuwa limevutwa polisi. Wakasema ni kielelezo, hakiongeleshwi bila barua ya chifu. Chifu alikuwa likizo. Barua ikitoka, gari limeshauzwa vipande. Tukaita lami tupu."

"Mathe, nitazifungua springi sasa hivi, nizitie kwa gunia, uende nazo."

"Mwanangu si viazi." Alimtazama Khisa kwa mara ya kwanza. "Atakwenda ameketi. Mimi nitaongea na yeye tu mpaka langoni. Kwa mtu mwingine sina ruhusa ya kufungua mdomo. Kuongea na watu ni kazi yako. Ukiulizwa mko wangapi, mhesabu na yeye. Usipomhesabu, kuna mmoja atabaki njiani, na mimi sitaweza kuchagua ni nani."

Wakashika barabara ya Naivasha saa moja asubuhi. Kila daraja mama aliinamisha kichwa: "Joash, baba, tunavuka." Na nyuma yao kiti kililia kidogo, kama ngozi ikikaliwa vizuri.

Kabla ya Gilgil polisi aliinua mkono. Alikagua leseni, bima, kizima moto, akatafuta kosa kwa bidii ya mtu anayeipenda kazi yake, halafu akatoa daftari.

"Leo tunaandika abiria. Mko wangapi?"

Khisa alikuwa shemasi. Alikuwa na diploma. Alimwangalia afisa, kalamu tayari, uso mpana wa mtu atakayeisimulia hadithi hii kantini mpaka astaafu, na mama akamkamata mkono, akaubana mpaka kucha zikaingia, midomo imefungwa.

"Wawili," Khisa alisema.

"Safari njema."

Kona ya nyuma ilipanda. Aliisikia ikipanda, wepesi uliompitia mgongoni, na kwa kilomita chache alifurahi, akajiambia kwamba jamaa ameshuka, ameshuka kwa hiari, lakini mama alikuwa ameugeuza uso dirishani, hamtazami tena, na pale daraja la Malewa aliposema "Joash, baba, tunavuka" jibu halikutoka nyuma, lilitoka karibu sana na sikio la Khisa, pumzi ya udongo mbichi juu ya shavu lake, na usukani ukazunguka kona taratibu, vizuri, kwa mikono ambayo alipoitazama hakuiona ya kwake wala ya mtu mwingine, na alipolitafuta goti lake akagusa kitambaa cha kiti.

Langoni Longonot ukoo ulikuwa umejipanga. Mzee mmoja akasogea akauliza, kama desturi inavyotaka, "Mmekuja wangapi?"

"Watatu!" Khisa alipiga kelele. "Tuko watatu! Mzee, niangalie!"

"Wawili," ilisema sauti ya kijana, kwa upole wa mtu aliyefika kwao.

Wanawake wakapiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Walimshusha mama, wakamfungulia mlango mtu wasiyemwona, wakampisha njia. Mama Nabalayo sasa aliruhusiwa kusema na yeyote. Alitazama kiti cha dereva kwa muda.

"Nilimwambia," alisema, akaingia ndani.

Simu ililia juu ya kiti. Mzee aliichukua, akaibonyeza, na sauti ya Mercyline ikajaa gari, ikilia kwa furaha: "Baba Shantel! Imeisha! Shingo ni safi, mtoto ameamka, anakuulizia!"

Mzee alichungulia ndani, mbele na nyuma, uso wake ukipita shibri moja tu kutoka uso wa Khisa uliokuwa ukipiga mayowe.

"Mama, gari limefika salama," alisema. "Ila dereva ndiye hatumwoni."