Spana Iliyokosekana Melini

Haya yalimpata rafiki yangu Vaileth huko Springfield, Marekani, mwaka 2006, na hadi leo nikiyakumbuka nakasirika.

Ofisi alikofanya kazi iliandaa, kwa ajili ya makumbusho, historia ya ndege ya kivita inayoruka kutoka melini, yenye mabawa ya kukunjwa na ndoano mkiani, iliyokuwa ikistaafishwa. Katika daftari la mafundi, Vaileth aliona kuwa siku moja spana haikurudishwa baada ya matengenezo, lakini ofisa akairuhusu ndege iruke. Spana ilikuwa imesahaulika ndani ya injini; injini ikazimika angani, rubani akafia baharini.

"Andika rubani alikosea," alisema Cosmas, bosi wake. "Dada, hii inaenda makumbusho, si mahakamani."

"Na mama yake akija, kaka, asome uongo?"

"Atapiga picha na ndege, atarudi kwake. Futa."

Vaileth alishuka stoo na daftari. Taa zikazimika. Gizani akasikia buti nyingi zikitembea polepole, bega kwa bega, kama mabaharia wanaokagua sitaha ya meli kutafuta vyuma vilivyodondoka kabla ndege hazijaruka. Zikampita.

Taa ziliporudi, aliona nyayo zilizolowa, zikinuka chumvi, zimepanda ngazi hadi ofisini kwa Cosmas, ambaye alikuwa bado ndani. Zote ziliingia chini ya mlango uliofungwa. Hakuna hata moja iliyotoka.