Njugu za Sura ya Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Apondi wa Gredi ya Sita alitekeleza wajibu mzito wa kitaifa: kuhesabu sahihi. Alikuwa akiandika hadithi ndefu kuhusu mpelelezi wa mtaa wa Ziwani aliyekwama ndani ya tangi la maji. Daftari lilipita dawati hadi dawati, na sheria ilikuwa moja: ukimaliza kusoma, unatia sahihi kwenye jalada la nyuma. Sahihi zilikuwa thelathini na moja. Apondi alitembea kama mheshimiwa aliyeshinda kiti.

Mtunzaji wa daftari alikuwa Shirleen, rafiki yake tangu chekechea, kwa kuwa nyumbani kwa Apondi kulikuwa na mapacha wadogo waliokula karatasi. Jumatatu moja, Shirleen alisema daftari halionekani.

"Halionekani vipi?"

"Halionekani tu. Ungelitunza mwenyewe," Shirleen alijibu akitazama dirisha.

Alhamisi, Apondi alinunua njugu kwa Mama Ndindi, karibu na kibanda cha fundi viatu. Alipozimaliza, aliikunjua karatasi ili alambe chumvi. Mwandiko ulikuwa wake. Sura ya Tatu.

"Mama, karatasi hizi umetoa wapi?"

"Aliniletea yule rafiki yako mrefu. Nikampa pakiti mbili za njugu. Kwani kuna shida?"

Pakiti mbili. Kazi ya miezi minne, na njugu zenyewe zilikuwa zimeungua.

Kesho yake alimkuta Shirleen mferejini. "Umeniuza," alimwambia.

"Wewe ndiye uliyeanza." Shirleen hakupaza sauti. "Yule msichana wa hadithi yako anayelala taa ikiwaka kwa kuogopa panya ni nani? Siri hiyo nilikuambia wewe peke yako. Wote wametambua ni mimi, na sasa nikipita darasani wanalia kama panya."

Apondi alikumbuka jinsi darasa lilivyoucheka ukurasa huo, na jinsi yeye alivyokuwa akihesabu sahihi sita mpya. Lakini uchungu ulikuwa bado mbichi.

"Siandiki tena," alitangaza, kama waziri anayejiuzulu.

Wiki ikapita. Jambo la ajabu ni kwamba hakuzikosa sahihi. Aliyemsumbua ni yule mpelelezi, aliyeachwa tangini maji yakiwa shingoni.

Ijumaa alipeleka kiatu cha mama yake kwa fundi Ng'ang'a. Mzee huyo alimtazama juu ya miwani.

"Wewe ndiye Apondi? Jina lako liko kwenye karatasi ya njugu. Huyu jamaa wa tangini alitoka? Nimekula njugu siku nne nikitafuta ukurasa wa kumi na tano. Tumbo linalalamika."

"Siandiki tena, mzee," Apondi alisema, kisha akamsimulia yote, hata sehemu ya panya, ambayo angependa kuiruka.

Ng'ang'a alivuta uzi. "Alikukosea. Na wewe ulimkosea kwanza. Sasa nani atamtoa huyu mtu majini?"

Apondi alikwenda kwa kina Shirleen jioni hiyo. Walikaa kwenye ngazi bila kutazamana.

"Nisamehe. Siri yako haikuwa yangu."

"Nami nilipaswa kuja kukuambia, si kukuuza," Shirleen alisema. "Lakini bado inaniuma."

"Hata mimi."

Jumamosi walikwenda pamoja kwa Mama Ndindi na kuokoa kurasa kumi na moja. Zilizobaki Apondi aliziandika upya, Shirleen akisoma kila ukurasa kabla ya mtu mwingine yeyote. Msichana wa panya alifutwa. Nafasi yake aliichukua msichana mwingine, aliyeogopa simba, hofu yenye heshima zaidi.

Ukurasa wa kumi na tano ulipelekwa moja kwa moja kibandani. Ng'ang'a aliusoma hadi mpelelezi alipotoka tangini, kisha akashusha pumzi.

"Mzee, tia sahihi hapa," Apondi alisema.

"Sitii. Sahihi zikipotea, utavunjika moyo tena. Mimi nashona mishono ambayo hakuna anayeitazama, na jioni naenda nyumbani nimeridhika, kwa sababu najua kiatu kimeshika. Andika hivyo. Na ukishona, tumia uzi wako, usifumue nguo ya rafiki." Alimrudishia ukurasa. "Haya, wa kumi na sita uko wapi?"