Betri Zisizoshuka

Theluji ya kwanza ilikuwa bado haijaanguka Onofre Archibeque alipokwenda mjini Taos kununua betri na inveta, mashine ya kugeuza umeme wa jua uwe wa matumizi ya nyumbani. Dada yake, Ludivina, alikuwa amemsisitizia kwenye simu.

"Chukua betri za lithiamu, Onofre. Na inveta kubwa. Ndogo itazimika pampu ya kisima ikianza tu. Mashine ya oksijeni ya mama haisubiri."

"Wewe una nguzo ya umeme mlangoni, Ludi. Umeme wa jua niachie mimi."

Inveta kubwa akaipata. Lithiamu zilikuwa zimekwisha. Akageuza gari, giza likianza kuingia, akimwonea haya dada yake kabla hata hajampigia.

Karibu na daraja la korongo akaona kibao: BETRI.

Ajuza alisimama katikati ya betri kuukuu, mgongo umepinda. Palinuka mayai viza... na nywele zilizoungua.

"Hizi hazishuki chaji," alinong'ona. "Hata theluji ifunike paneli."

"Betri gani hiyo isiyoshuka, bibi?"

"Inayokula. Nani analala karibu nazo?"

Onofre akacheka. "Mama yangu."

"Jina?"

"Genoveva."

Ajuza akafumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi. Onofre alipotoa pochi, ajuza akaurudisha mkono wake.

"Umeshalipa."

Theluji ikaja, ikafunika paneli. Betri zilibaki zimejaa. Taa, friji, pampu, vyote vilikwenda. Onofre akatamba hadi akawaalika majirani zake, Eliseo na mkewe Bernarda, mjamzito, waje kula posole, mchuzi wa mahindi na nyama, na kutazama mpira kwenye televisheni.

Mama Genoveva alilala chumba cha nyuma, ukuta mmoja tu ukimtenga na betri. Siku hizo alikuwa amenyong'onyea, hata kijiko kilimshinda. Onofre alisema ni baridi.

Magharibi ile, wageni wakiwa sebuleni, akampelekea mama bakuli. Nyuma ya ukuta inveta ikaanza kunguruma.

Nguuu...

Ikanyamaza.

Nguuu...

Onofre akasimama. Inveta hainyamazi namna hiyo. Ilikuwa inavuta pumzi. Kila ilipovuta, kifua cha mama kilibonyea. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani.

"Onofre..." mama alinong'ona. "Kuna mwanamke ukutani. Ananinyonya. Zima, mwanangu."

Hapo akaelewa alichokuwa amelipa.

Akakimbilia swichi ya inveta, akaishika. Sebuleni Eliseo akapiga kelele: "Kaka, njoo! Mpira unaisha, wako golini kabisa! Loo, hizi betri zako ni kiboko!"

Onofre akawaza nyumba ikizama gizani, wageni wakicheka.

Wamalize kwanza.

Akaiachia swichi, akaenda sebuleni.

Aliporudi, nywele za mama zilikuwa zimebaki kwenye mto. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama kama mgeni. Akakata nyaya kwa koleo. Nyumba ikazima. Akamfungia mama mtungi wa akiba wa oksijeni, akamkimbiza kwa Ludivina.

Mama alipona. Ila hamjui tena Onofre. Humwita "kijana," na humshukuru kwa adabu anapomletea maji.

"Hizo betri zilikuwa na nini?" Ludivina aliuliza.

"Mbovu tu," alijibu, akiangalia viatu vyake.

Alipozirudisha betri kule darajani, aliyempokea alikuwa na nywele nyeusi tititi, mgongo umenyooka. Sauti ilikuwa ileile.

"Mtamu, mama yako."

Onofre alishusha betri bila kuinua uso.

Baada ya theluji kuyeyuka, jioni moja aliona nyumba ya Eliseo, ambayo siku zote hulala gizani, inawaka taa kila dirisha. Moyo ukamlipuka. Akaenda mbio kwa miguu, akipanga maneno njiani: atamwambia yote, jina alilolitaja, swichi aliyoiachia.

Eliseo akafungua mlango, anameremeta.

"Kaka mchoyo wewe! Ukanificha duka! Nimelipata mwenyewe. Yule dada mzuri, hata hela hakutaka!"

Nyuma yake Bernarda aliegemea ukuta, uso umekauka, mkono tumboni.

"Mtoto hachezi leo," alisema polepole. "Tangu asubuhi hachezi."

Ukutani kitu kilivuta pumzi. Onofre akafungua mdomo. Wote wawili walimtazama, wakisubiri. Angeanza na nini? Na mama? Na ule mpira?

"Ehe, jirani?" Eliseo akasema. "Kuna nini?"

Uso ulimwaka moto.

"Nimekuja kuomba chumvi," Onofre akasema.