Nani Aliwasha Mashine ya Nne?

"Elieth, weka funguo za chumba cha seva hapa mezani. Sasa hivi!"

Mkuu wa chuo, Madam Zena, aliniambia hivyo mbele ya walimu wote!

Wadau, mimi ni fundi wa mifumo kwenye chuo kimoja hapa Kasulu. Matokeo ya wanafunzi yalitakiwa yatumwe kabla ya saa sita mchana, na mfumo ulikuwa unajikokota tangu Jumatatu.

Obedi, fundi mwenzangu aliyehamishiwa kwetu kutoka tawi la Kibondo, akatabasamu.

"Anahujumu makusudi, Madam. Anataka nionekane sijui kazi."

"Mwongo wewe! Nimekagua ndani ya mashine ya matokeo, memori imebaki nusu!"

"Sasa mbona inakwama?" Obedi akauliza.

Nikachomeka laptop kwenye projekta, nikaingia kwenye seva yenyewe, ile kompyuta moja iliyobeba mashine pepe zetu zote, yaani kompyuta za kiprogramu zinazogawana memori yake.

Makubwa!

Seva ina GB 32 tu za memori ya kweli, lakini mashine zake zimeahidiwa 44! Ikijaa, inahamishia mizigo kwenye diski, na diski huenda polepole. Mashine ya matokeo haijui lolote, inajiona ina nafasi kibao. Kumbe njaa iko chini, kwenye seva!

Mashine zinatakiwa kuwa tatu. Zilikuwa nne.

Ya nne inaitwa KIBONDO, imekalia GB 16.

Nilifurahi vibaya sana. Leo nimemkamata!

"Madam, huyu Obedi katoka wapi? Na mashine inaitwaje?"

"Ego, ndiyo, fungua basi tuone nani kaiunda," Obedi akasema, kanuna.

Nikabonyeza kwa mbwembwe, kila kitu kikionekana ukutani...

*Imeundwa na: elieth.*

Jamani! Mwaka jana nilitoka mafunzoni Kibondo, nikaunda mashine ya mazoezi, nikaiwekea ijiwashe seva ikiwaka. Nikaizima, nikaisahau. Jumapili umeme ulikatika hadi betri ya akiba ikaisha; uliporudi, seva ikawaka, nayo ikajiwasha...

Niliizima hapo hapo. Dakika chache tu, mfumo ukachangamka. Matokeo yaliondoka saa sita kasorobo.

Na funguo? Madam alimkabidhi Obedi.

Nilimchukia siku ile, na hadi leo simpendi. Ila jina pale ukutani halikuwa lake.

Wadau, kabla hujamnyooshea mtu kidole, kagua kwanza ulichokiacha wewe mwenyewe.