Chanya ya Hospitali

Jamani, nawaomba mnisikilize kabla hamjanihukumu. Mkishasikia, nihukumuni tu.

Nyumba yetu ilikuwa imetulia mwaka ule. Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu alikuwa mnadi wa mitumba, mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Ndiyo maana watu walimwita Spika. Alikuwa ameugua saratani ya koo, akatibiwa kwa mionzi wiki nyingi, akapata nafuu. Sauti ilirudi na mikwaruzo kidogo, na wateja wakarudi nayo. Asubuhi alikunywa chai barazani huku akinitania kwamba cherehani yangu ina kelele kumshinda yeye.

Hospitali walimwomba aingie kwenye utafiti. Wangempima damu kila baada ya miezi mitatu, watafute protini fulani ambazo huenda zikaonyesha kwamba ugonjwa unataka kurudi kabla mwenyewe hajahisi chochote. Daktari alitueleza vizuri kwamba kipimo hicho hakitoi hukumu. Kikionyesha jambo, mgonjwa huitwa akaangaliwe koo kwa kamera. Spika alikubali. Mimi niliitikia kwa kichwa huku nawaza mishono yangu.

Majibu ya tatu nilikwenda kuyachukua mimi, yeye akiwa sokoni. Muuguzi wa dirishani alinipa bahasha, akaniambia niketi nimsubiri daktari anieleze. Foleni ilikuwa ndefu, na nyumbani nilikuwa na sare za shule ishirini na mbili hazijatiwa vifungo. Nikaifungua bahasha mwenyewe. Katikati ya maneno nisiyoyajua nikaona moja ninalolijua: chanya.

Mtanicheka, na mna haki. Mwezi huohuo kikundi chetu cha mafundi kilikuwa kimetoka semina, siku mbili tukiimbishwa mtazamo chanya, fikra chanya, maneno chanya. Nikaikunja karatasi, nikatoka zangu mbio, hata muuguzi sikumuaga. Nilimkuta Spika juu ya meza yake ya kunadia.

"Imetoka chanya, mume wangu," nikamwambia. "Umepona moja kwa moja."

Hakuisoma. Macho yake hayaoni maandishi madogo, na tangu tuoane msomaji wa nyumba ni mimi. Akaitangaza habari hiyo kwa kipaza sauti, soko zima likapiga makofi. Kadi ya kliniki akaitupa juu ya kabati, na mimi nikamwangalia akiitupa.

Kama mambo yangeishia hapo, ningejiita mjinga tu. Sikilizeni kilichofuata.

Baada ya kama wiki moja alikuja mteja wangu, karani wa maabara, kupunguziwa sketi. Nikamsimulia kwa majivuno. Aliacha kujitazama kwenye kioo.

"Shoga, chanya ya hospitali siyo chanya ya semina," aliniambia. "Maana yake walichokuwa wanakitafuta wamekiona. Mrudishe mumeo kesho."

Nikamjibu nitamrudisha. Lakini nilipoyakumbuka makofi ya soko lile, na mashemeji walionipigia simu kunipongeza, ulimi ukawa mzito. Nikajiambia nitamwambia Ijumaa. Ijumaa ikafika, nikasogeza mpaka mwisho wa mwezi. Namba waliyokuwa nayo hospitali ilikuwa yangu; walipopiga mara ya kwanza nikasema amesafiri, mara ya pili sikupokea. Karatasi niliificha kwenye droo ya cherehani, chini ya nyuzi. Miezi minne, ndugu zangu. Nililala ubavuni mwake miezi minne nikijua.

Kisha akaanza kushikashika sikio, akilalamika kwamba linamvuta akimeza. Nikampa maji ya chumvi asukutue. Sauti ikakauka. Siku aliyoshindwa kumeza hata uji ndipo nilipomkokota hospitali. Daktari alipomaliza kutazama kwa kamera, aliniita pembeni, akaniuliza kwa nini hatukuja tulipoitwa. Nikasingizia nauli. Akasema hawezi kuapa, lakini huenda wangeukuta ugonjwa ungali mdogo, wa kutibika bila kukata chochote. Sasa ilibidi koromeo liondolewe, na sauti iende nalo.

Wakaliondoa. Mume wangu yu hai, anapumua kwa tundu la shingoni.

Ukweli nilimwambia wiki iliyopita, tumekaa wawili jikoni. Niliitoa ile karatasi, nikamsomea upya, safari hii sawasawa, nikamtajia na siku niliyojua maana yake. Nilingoja anifukuze. Alichukua daftari analotumia kuzungumza siku hizi, akaandika kwa herufi kubwa, akanisogezea.

"Ungeniambia, tungeogopa wote wawili."

Kisha akalifunga daftari, akaenda kukaa barazani peke yake.

FUNZO

Msisome majibu ya hospitali kwa kubahatisha. Kaeni kwenye foleni mpaka mwelezwe kwa lugha mnayoielewa, na muulize hata mara kumi. Sare za shule zitasubiri. Majibu ni ya mwenye mwili, basi mpeni, yawe matamu au machungu. Kipimo kile kilimpa mume wangu muda, na muda wake nikaukalia mimi. Ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, hata kama soko zima limekupigia makofi. Aibu niliyoikimbia ingekwisha kwa wiki moja. Sauti ya mume wangu hairudi.